Kibra ni Msitu, Silanga ni Bwawa

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa shule hii akutajie msitu, atakujibu Kakamega au Amazon. Mwulize mbuga, atasema Maasai Mara. Mwulize ziwa, atasema Viktoria. Majibu hayo ni sahihi na mwalimu wa Jiografia atayatia alama. Lakini hapa kwetu, kutoka Kawangware hadi Kibera, tumezungukwa na mifano ya vitu hivyo, na hata majina ya mitaa yetu yanatoa ushahidi. Kwa lugha ya Wanubi, ambao walikuwa hapa tangu mwanzoni mwa karne ya 20, Kibra ni msitu. Kwa Kikamba, silanga ni bwawa, na kijiji cha Silanga kiko kandokando ya Bwawa la Nairobi. Kwa Kikuyu, ngware ni ndege kwale, na jina Kawangware linamkumbusha huyo. Nayo Nairobi kwa Kimaasai ni maji baridi. Msitu, bwawa, kwale na maji baridi! Ni kama orodha ya somo la mazingira.

Kwanza kabisa, tuelewane kuhusu maana. Mfumo wa ikolojia ni mahali pamoja na vyote vilivyomo, yaani mimea, wanyama, vijidudu, udongo, maji, hewa na jua, jinsi vinavyotegemeana. Mimea hujipikia chakula kwa nguvu za jua. Panzi hula mmea, ndege hula panzi, na mwewe hula ndege. Kila kimoja kikifa, ukungu na bakteria hukiozesha na kurudisha rutuba ardhini, kisha mzunguko huanza tena. Mfano wake ni ploti ya nyumba kumi zenye mfereji mmoja. Mmoja akiuharibu mfereji, si yeye peke yake atakayekosa maji.

Mifumo hii hugawanywa mara mbili, ya nchi kavu na ya majini. Ile ya nchi kavu hutambulikana hasa kwa mimea yake, na mimea hufuata mvua na joto. Ile ya majini hutambulikana kwa chumvi, kwa kina, na kwa kuangalia kama maji yanatembea au yametuama.

MIFUMO YA NCHI KAVU

1. Misitu. Msitu huhitaji mvua ya kutosha. Ile mikubwa ya mvua iko katika bonde la Amazon na bonde la Kongo, na Kakamega ni kipande cha mashariki cha msitu wa aina ya Kongo. Msitu wetu wa Ngong ni wa aina nyingine, msitu mkavu wa nyanda za juu, wenye miti kama muhugu, ambao wachongaji wa vinyago wanaupenda sana. Ndani yake mna kima, digidigi na ndege wengi.

Kazi ya msitu si kuni na vivuli tu. Majani hupunguza nguvu ya matone ya mvua, mizizi hushika udongo, na majani yaliyooza chini hufyonza maji kama sponji na kuyaachilia polepole hadi mitoni. Ukikata miti, mvua ileile iliyokuwa neema inageuka mafuriko siku moja, na wiki inayofuata mto umekauka.

Msitu wa Ngong ulipotangazwa kuwa hifadhi mwaka wa 1932 ulikuwa na hekta zaidi ya 2,900. Leo zimebaki kama 1,200. Nyingine zimekuwa nyumba, barabara na viwanja. Msitu wa Karura ungefuata njia hiyohiyo kama Profesa Wangari Maathai na wenzake hawangesimama kuutetea mwaka wa 1999 mpaka wakapigwa. Mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wengine huuliza, miti na amani vinahusiana vipi? Jibu litaonekana tukifika mtoni.

2. Mbuga za nyasi. Mvua ikipungua, miti hupungua na nyasi hutawala. Upande wa magharibi wa Nairobi, kama Dagoretti na Kikuyu, ardhi iko juu na mvua ni nyingi. Ukielekea mashariki na kusini, ardhi inashuka hadi nyanda za Athi, mvua inapungua, na hapo ndipo ilipo Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946, ya kwanza nchini Kenya. Kwa hivyo mji wetu umekaa pale msitu na nyasi vinapopakana, na mahali pa namna hiyo huwa na viumbe wa pande zote mbili. Kwale anapenda sana mahali kama hapo, penye vichaka vya kujificha na nyasi za kuokota mbegu.

Nyasi hazifi zikiliwa wala zikichomwa, kwa sababu hukua kutokea chini, si kwenye ncha. Ndiyo maana mbuga inaweza kulisha nyumbu na pundamilia wengi namna ile. Lakini wanyama hao lazima wahame wakifuata mvua, na siku hizi upande wa Kitengela, ambao ndio mlango wao, unajaa nyua na majumba.

3. Jangwa na nchi za baridi kali. Haya mawili hatuna hapa mtaani, kwa hivyo nitapita haraka. Jangwa hupata mvua isiyofika milimita 250 kwa mwaka, kama Chalbi kule Marsabit. Nchi za baridi kali kama kaskazini mwa Urusi na Kanada huwa na ardhi iliyoganda, na miti mirefu haiwezi kuota. Sisi Wakenya tunaweza kuona mfano wa karibu juu ya Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, ambako usiku ni barafu na mchana ni jua.

MIFUMO YA MAJINI

1. Vinamasi na mito. Mto Nairobi huanzia katika kinamasi cha Ondiri, Kikuyu, kisha unapita kando ya Kawangware ukielekea Chiromo na katikati ya mji. Mto Motoine nao hutoka upande wa Dagoretti, unapita msitu wa Ngong, unafika Kibera na kuingia Bwawa la Nairobi. Ukitoka hapo unaitwa Mto Ngong, na huko mbele unaungana na Mto Nairobi.

Kinamasi watu wengi hukidharau, ati ni mahali pa matope na mbu. Kumbe mafunjo na matete yake ni chujio. Maji yanapopita polepole kati ya mashina, uchafu hutulia chini na mimea hula rutuba iliyozidi. Pia hupokea mafuriko kama beseni. Tukijaza kinamasi kwa mawe na kujenga, maji hayaulizi ruhusa, yanatafuta njia nyingine. Mwezi wa Aprili na Mei 2024 mito ya Nairobi ilifurika, watu wakafa, na maelfu wakapoteza makao. Walioumia kwanza ni wale waliojenga kando ya mto kwa sababu hawakuwa na uwezo wa kulipa kodi pengine.

2. Maziwa na mabwawa. Haya ni maji yaliyotuama. Kenya tuna ya maji matamu kama Viktoria na Naivasha, na ya magadi kama Bogoria, ambako heroe hula mimea midogo ya majini. Bwawa la Nairobi lilijengwa mwaka wa 1953 liwe akiba ya maji ya mji. Zamani watu walikuwa wakija hapo kuendesha mashua za tanga, jameni! Leo ukisimama upande wa Silanga utaona majani ya kijani na watu wakilima, wala hutaamini kwamba chini yake kulikuwa na maji ya kuelea mashua.

Ni nini kilichotokea? Maji taka yana rutuba nyingi, kama mbolea. Yakiingia bwawani, mimea ya majini hunenepa. Gugumaji, mmea wenye ua zuri la zambarau uliotoka Amerika ya Kusini, linaweza kuongezeka maradufu kwa muda wa kama wiki mbili. Likifunika maji, jua haliingii. Likioza, bakteria wanaoliozesha hutumia hewa yote iliyo majini, na samaki hukosa pumzi. Matope nayo hujaa mwaka baada ya mwaka. Katika Ziwa Viktoria gugu hilo lilipigwa vita miaka ya 1990 kwa kuletewa fukusi wanaolila. Lakini fukusi hawali maji taka. Mlo wa gugu usipokatizwa, litarudi tu.

3. Bahari. Bahari imefunika karibu asilimia 71 ya uso wa dunia. Ina fuo, mikoko na matumbawe, na samaki wengi huanza maisha yao kwenye mizizi ya mikoko. Unaweza kusema bahari haituhusu sisi wa Kibera. Hebu tufuate maji. Mto Nairobi huingia Mto Athi, Athi hupita Tsavo ukiitwa Galana, kisha unaitwa Sabaki na kumwaga maji yake Bahari Hindi, kaskazini mwa Malindi. Udongo unaobebwa na mto huo huchafua maji na kuyanyima matumbawe mwanga. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli hayazoleki, lakini yana mahali yanakoenda, na huko kuna watu.

NANI ALAUMIWE?

Nimesikia watu wakisema kwamba watu wa Kibera na Kawangware ndio wachafuzi wa mito. Maneno hayo yananiuma, kwa sababu yana nusu ya ukweli. Ni kweli taka zetu hufika mtoni. Lakini mahali pasipo bomba la maji taka, wala lori la kuzoa taka, wala nafasi ya kuchimba choo, taka zitapitia wapi? Viwanda na majumba makubwa nayo yana mabomba yanayoelekea mtoni usiku. Kila mmoja humwonyesha mwenzake kidole, na mto unazidi kuwa mweusi. Kisha maji hayohayo hunyunyiziwa sukuma wiki, na sukuma wiki hurudi sokoni, na jioni iko mezani kwetu sote, wa mabati na wa ghorofa. Hiyo ndiyo maana ya mfumo wa ikolojia. Na hapo ndipo tunaona miti na amani vinavyohusiana, kwani watu wakikosa maji safi na mahali pa kukaa, ugomvi hauko mbali.

Sisi wanafunzi hatuwezi kujenga bomba la maji taka. Hata hivyo tunaweza kuzuia taka za shule yetu zisiingie mtaroni, kupanda miti ya kienyeji kama muhugu badala ya mikalitusi inayokunywa maji mengi, na kuwaandikia wawakilishi wetu wa wadi, tukiwataja mto na bwawa kwa majina yao. Pia tuwaulize wazee wetu walikuta nini hapa walipofika, kabla hawajatuacha na habari hizo.

Majina Kibra, Silanga na Kawangware bado yako midomoni mwetu kila siku. Ingekuwa aibu majina yabaki na vitu vyenyewe viishe. Usipoziba ufa utajenga ukuta.