Probox ya Bwera: kabla ya kulipa, tazama moshi

Probox ya cc 1,500 inayobeba mizigo kati ya Kasese na Bwera huwa na injini ya Toyota 1NZ-FE: silinda 4, valvu 16. Haina mkanda wa taimingi, ina cheni. Muuzaji akijisifu kuwa amebadilisha mkanda huo, hajui anachouza, au anajua sana.

Ugonjwa wake mkubwa, ikishatembea sana, ni kula oili. Ringi za pistoni hushikwa na masizi, oili ikapenya na kuungua. Injini yote hubeba kama lita 3.7 tu; ikipotea lita moja, zaidi ya robo imekwenda. Taa ya dashibodi huchelewa kukuonya, kwani hupima presha, si kiasi. Cheni nayo huanza kulia, maana kikazaji chake husukumwa na oili.

Basi nenda kuitazama asubuhi, injini ikiwa baridi. Ukikuta imeshapashwa moto, rudi kesho. Iwashwe, ingurume kidogo, kisha mtu akanyage mafuta wewe ukiwa nyuma: moshi wa bluu ni oili. Ukishainunua, pima oili kila asubuhi kabla ya kuvuka Mpondwe kwenda Kasindi. Injini ikifunguliwa gereji, mzigo hulala.