Uchafu si mmoja: maneno manne ya Kiingereza yanayomgusa mkulima wa pamba

Kwenye lebo za viuatilifu, kwenye taarifa za soko la pamba na kwenye madaftari ya watoto wetu kuna maneno ya Kiingereza ambayo wengi wetu tunayatafsiri kwa neno moja tu: chafu. Lakini maneno hayo hayalingani, na kwa mkulima wa Simiyu tofauti yake inagusa bei ya pamba na afya ya familia. Tuyapitie moja moja.

"Dirty" ndilo jepesi. Ni uchafu unaoonekana: shati lenye tope, ndoo yenye vumbi, pamba iliyoanguka chini ikashika majani makavu. Uchafu huu mara nyingi unaondoka. Shati linafuliwa. Majani mkulima anayatoa anapotenganisha pamba safi na fifi, na yanayobaki hupunguzwa na mashine kiwandani.

"Contaminated" ni jambo jingine. Maana yake ni kwamba kitu kimeingiwa na kitu kigeni kisichotakiwa, hata kama kwa macho kinang'aa. Pamba nyeupe kabisa ikiwekwa kwenye kiroba cha plastiki inaweza kushika nyuzi za kiroba hicho. Ni vigumu kuziona. Mashine za kuchambua pamba huzikatakata badala ya kuzitoa, na zikifika kwenye kitambaa zinakataa kushika rangi. Pamba hiyo inaweza kupita mizanini kama safi na bado ikawa "contaminated". Ndiyo maana wakulima wanahimizwa kuvunia na kuhifadhi pamba kwenye vifungashio vya nguo ya pamba.

Neno hilo hilo linatumika kwa maji. Maji ya kisima yanayong'aa yanaweza kuwa na vimelea vya kipindupindu, ugonjwa ambao mwanzoni mwa mwaka 2024 uliipata mikoa kadhaa ya nchi yetu, Simiyu ukiwemo. Vivyo hivyo, maji yaliyochotwa kwa dumu lililowahi kuwa na dawa ya kupulizia pamba yanaweza kuonekana masafi huku yana sumu. Ukiyachemsha ya kisima, vimelea vitakufa. Ukiyachemsha ya dumu hilo, sumu itabaki. Kwa hiyo ukisoma "contaminated water", usiulize tu kama yana tope. Uliza yameingiwa na nini, maana jibu ndilo linalokuambia la kufanya.

"Polluted" hutumika zaidi kwa mazingira: hewa, udongo, mto, ziwa. Dawa ikidondokea kwenye ndoo yako, maji ya ndoo ni "contaminated". Mvua ikizoa dawa za mashamba mengi ikaziingiza Mto Simiyu, unaomwaga maji yake Ziwa Victoria, hapo tunasema mto umekuwa "polluted". Kwa Kiswahili huo ndio uchafuzi wa mazingira.

La nne ni "adulterated". Hapa kuna mkono wa mtu na nia ya kupata faida. Anayemwagia pamba maji au kuchanganya mchanga ili uzito uongezeke, na anayetia maji kwenye maziwa ya kuuza, wote wanafanya kile ambacho mtaani tunakiita kuchakachua.

Njia rahisi ya kuchagua ni kujiuliza hivi. Je, ni uchafu wa kuonekana tu? "Dirty". Kuna kitu kigeni kimeingia? "Contaminated". Ni mazingira yaliyoharibiwa? "Polluted". Kuna mtu amechanganya makusudi ili apate faida? "Adulterated".

Na sisi tunapozungumza Kiswahili nyumbani, tusiishie kusema "maji haya machafu". Tuseme yana tope, yana vimelea au yana sumu, ili hata mtoto anayetumwa kisimani aelewe. Dumu la dawa likiisha, lisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia yaingie kwenye bomba la kupulizia, kisha litoboe ili asitokee mtu wa kulichotea maji.