Veronica Mars: Msichana mpelelezi ambaye wapenzi wake walimchangia pesa ili arudi

Filamu ya mfululizo ikikatwa kabla ya kufika mwisho, watazamaji wengi hunung'unika, kisha husahau. Wapenzi wa Veronica Mars, wa Marekani, hawakusahau.

Mfululizo huo wa Rob Thomas ulianza kuonyeshwa tarehe 22 Septemba 2004. Kristen Bell anaigiza Veronica, mwanafunzi wa sekondari wa Neptune, mji wa kubuniwa katika jimbo la California, wenye matajiri na watu wanaowatumikia. Rafiki yake, Lilly Kane, ameuawa. Keith, baba yake Veronica na mkuu wa polisi, anamshuku baba wa marehemu, tajiri mkubwa. Kwa sababu hiyo anapoteza kazi yake. Mama anahama nyumba, marafiki wanamtenga binti. Veronica anabakwa usiku wa karamu, na anapokwenda kushtaki, mkuu mpya wa polisi anamdhihaki.

Basi msichana anajitafutia haki mwenyewe. Akitoka masomoni anamsaidia baba yake, ambaye sasa ni mpelelezi wa kujitegemea. Karibu kila kipindi kina kesi yake ndogo, huku swali la nani alimuua Lilly likiendelea msimu mzima wa kwanza. Wanaomfuata wanapenda ulimi wake mkali, utani wake na baba yake, na jinsi asivyomwogopa mwenye pesa. Mtu aliyewahi kufika mbele ya wakubwa asisikilizwe anamwelewa upesi.

Mwaka 2007, baada ya misimu mitatu, mfululizo ulisimamishwa. Wapenzi walituma maelfu ya chokoleti za Mars kwa televisheni ya The CW, bila mafanikio. Tarehe 13 Machi 2013, Thomas na Bell waliomba dola milioni 2 kwenye tovuti ya Kickstarter ili watengeneze sinema. Zilipatikana chini ya saa 12. Mwishoni watu 91.585 walikuwa wametoa zaidi ya dola milioni 5,7, na sinema ilitoka Machi 2014.

Msimu wa nne, wa vipindi 8, ulitoka Hulu mwaka 2019. Katika kipindi cha mwisho Logan, mpenzi wa Veronica, anauawa kwa bomu muda mfupi baada ya kufunga naye ndoa. Wengi walikasirika: walikuwa wamemrudisha Veronica kwa pesa zao, lakini kalamu ilibaki mkononi mwa Thomas.