Mkweche kugeuka lulu ndani ya saa moja: Hesabu ambayo TV haikuonyeshi

Gari limelala ghalani miaka 20. Matairi hayana upepo, panya wamezaa ndani ya viti, kutu imekula milango. Jamaa wawili wanafika, wanalizunguka, wanabishana bei, wanalipakia kwenye trela. Kabla kipindi hakijaisha, gari hilohilo linang'aa kama limetoka kiwandani juzi. Linauzwa, faida inaandikwa kwenye skrini, kwaheri hadi wiki ijayo.

Kama wewe ni mtazamaji wa vipindi hivi, huenda nawe umeshautazama mkweche wa mjomba ulio juu ya mawe nyuma ya nyumba, ukajisemea: "Hii nayo ni hela."

Inaweza kuwa hela kweli. Ila kabla hujaita gari la kuvuta, kuna hesabu moja ya kuijua.

Vipindi vyenyewe ni vipi?

Wengi walianza na Pimp My Ride ya MTV, iliyoanza 2004 ikiongozwa na rapa Xzibit. Lakini ile ilikuwa zaidi ya kupamba: skrini, spika kubwa, rimu za kung'aa. Kufufua gari la zamani ni kazi nyingine. Hapo lengo ni kulirudisha lilivyokuwa lilipotoka kiwandani, au karibu na hapo.

Kwenye kundi hili, mkongwe ni Wheeler Dealers ya Uingereza, iliyoanza 2003. Mike Brewer ananunua gari, fundi analitengeneza, Mike analiuza. Canada wana Rust Valley Restorers, kuhusu Mike Hall, mzee wa rasta aliyejaza mamia ya magari mabovu kwenye eneo lake huko British Columbia. Marekani walikuwa na Fast N' Loud ya Gas Monkey Garage ya Dallas, iliyoanza 2012.

Majina tofauti, mpango mmoja: litafute, linunue, libomoe, litengeneze, lionyeshe.

Gari likilala, nini kinaharibika?

Watu wengi hudhani gari lisilotembea halichakai. Ni kinyume chake.

Petroli ikikaa muda mrefu hubadilika na kuacha uchafu kama gundi, unaoziba kabureta. Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani, na unyevu huo huleta kutu ndani ya mfumo wa breki. Mpira wa mabomba na matairi hukauka na kupasuka. Pistoni zinaweza kung'ang'ania kwenye silinda mpaka injini isizunguke kabisa. Panya nao wakizipata nyaya, hawaachi kitu.

Lakini adui mkubwa ni kutu ya bodi. Kule Uingereza barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili barafu isigande, na chumvi hiyo hula bati kuanzia chini, mahali ambapo jicho halifiki. Ndiyo maana gari linaweza kuonekana zima kwa juu, ukilipandisha kwenye jeki sakafu inamong'onyoka mkononi.

Injini unaweza kuitoa ukaiweka mezani. Bodi iliyooza lazima ikatwe kipande kwa kipande, bati jipya likunjwe, lichomelewe, lisuguliwe, ndipo upige rangi. Kazi hiyo haina njia ya mkato, na ndiyo inayokatwa zaidi kwenye TV, kwa sababu kumtazama mtu akisugua bati siku nne hakuna raha.

Sasa tuje kwenye hesabu

Kwenye Wheeler Dealers, mwisho wa kipindi huonyeshwa bei ya kununua gari, gharama ya spea na kazi zilizopelekwa kwa mafundi wa nje, halafu bei ya kuuza. Kinachobaki kinaitwa faida.

Umeona kilichokosekana? Saa za fundi wao wenyewe. Kazi yake haiingii kwenye hesabu ile.

Tuchukue mfano wa kubuni. Umenunua gari kwa pauni 2,000. Spea zimekula 1,500. Umeuza 5,000. Kwa hesabu ya TV, umepata faida ya pauni 1,500. Safi kabisa.

Sasa sema fundi alitumia saa 150. Ukigawanya ile faida, kila saa imelipwa pauni 10, na hapo bado hujatoa kodi ya gereji, umeme wala vifaa.

Halafu sema wewe si fundi, umepeleka gari kwenye gereji inayotoza pauni 50 kwa saa. Saa 150 ni pauni 7,500. Jumla umetumia 11,000 kwa gari la 5,000. Faida imegeuka hasara ya pauni 6,000.

Gari ni lilelile na kazi ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba safari hii fundi amehesabiwa.

Hii haina maana kwamba kipindi kinadanganya. Hesabu yake inamfaa mtu anayetengeneza kwa mikono yake, jioni na wikiendi, na ambaye muda wake hauuzi kwingine. Tatizo linakuja pale mtazamaji mwenye mshahara mmoja anapoichukua hesabu hiyo kama mpango wa biashara.

Fundi aliyekataa kufupishwa

Mafundi wenyewe wanajua thamani ya hizo saa. Kwa zaidi ya miaka kumi, fundi wa Wheeler Dealers alikuwa Edd China, jamaa mrefu mwenye glavu za rangi ya chungwa. Sifa yake ilikuwa kueleza. Anakushika mkono kutoka nati ya kwanza mpaka ya mwisho: hii inatoka hivi, hii usiivute kwa nguvu, hii ukikosea utaumia.

Mwaka 2017 alitangaza kuondoka, akaeleza sababu kwenye video yake ya YouTube. Alisema waliokuwa wakisimamia kipindi wakati huo waliona sehemu za gereji ni ngumu mno kutengeneza, wakataka zipunguzwe. Yeye aliona kufanya hivyo kungeshusha ubora wa kazi.

Nafasi yake ilichukuliwa na Ant Anstead, na baadaye Marc Priestley, aliyewahi kuwa fundi wa timu ya McLaren kwenye Formula 1. Kipindi kiliendelea. Ila hoja ya Edd ilibaki palepale: ukiiondoa kazi, mtazamaji anabaki na miujiza tu. Na mtu aliyezoea kuona miujiza hawezi kukadiria bei ya kazi.

Pale ambapo faida si pesa

Kuna kipindi kingine cha Uingereza kilichoamua kuachana kabisa na habari ya faida. Kinaitwa Car SOS, kilianza 2013, wenyeji wake wakiwa Tim Shaw na fundi Fuzz Townshend.

Humo gari halinunuliwi ili liuzwe. Familia au rafiki huandika kuomba msaada kwa ajili ya mtu mwenye gari analolipenda lakini hawezi kulimalizia, mara nyingi kwa sababu ya ugonjwa, msiba au maisha kumbana. Gari linachukuliwa kwa siri, linatengenezwa na timu nzima, halafu mwenyewe anakabidhiwa bila kutarajia. Watu wazima hulia pale.

Ukitazama kwa makini, hiki ndicho kinachosema ukweli wa kazi hii. Gharama ya kulirudisha gari la kawaida mara nyingi hupita bei yake sokoni. Mtu anafanya kwa sababu lilikuwa la marehemu baba, au ndilo lililowapeleka kanisani siku ya harusi. Hiyo ni sababu nzuri kabisa. Isipokuwa haitalipa ada ya shule.

Si kila gari linahitaji kung'arishwa

Mwaka 2014 huko magharibi mwa Ufaransa yaligunduliwa magari yapatayo 60 ya mkusanyaji mmoja, Roger Baillon, mengi yakiwa yameachwa kwenye mabanda kwa miongo kadhaa. Kati yake kulikuwa na Ferrari 250 GT California Spider iliyowahi kuwa ya mwigizaji Alain Delon.

Februari 2015 iliuzwa kwenye mnada jijini Paris ikiwa na vumbi lake. Bei? Zaidi ya euro milioni 16.

Kwa magari adimu, uhalisia ndiyo mali. Rangi ya kwanza, viti vya kwanza, namba za injini na chasi zinazoendana na kumbukumbu za kiwandani. Ukikurupuka kupiga rangi mpya, unaweza kufuta kile mnunuzi alichokuwa anakilipia.

Kabla hujauvuta mkweche wa mjomba

Huenda ni Peugeot 504, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978 na bado lina wapenzi wengi Afrika Mashariki. Au Land Rover ya zamani. Anza na haya:

1. Karatasi kwanza. Kama hakuna kadi ya gari, au logbuku kwa walio Kenya, unaweza kutengeneza kitu usichoweza kukiuza.

2. Ingia chini. Gonga chasi na sakafu kwa bisibisi. Pakiingia, hapo kuna kuchomelea.

3. Pitisha sumaku kwenye bodi. Isiposhika, huenda bati limejazwa puti. Ila Land Rover za zamani bodi yake kubwa ni aluminiamu, sumaku haitashika hata kama iko salama. Kwa hizo, kagua zaidi chasi.

4. Usikimbilie kuboosti betri na kupiga stata. Toa plagi, tia mafuta kidogo kwenye silinda, yaache yaloweshe, kisha jaribu kuizungusha injini taratibu kwa spana. Kulazimisha injini iliyong'ang'ania ni kuiua mara ya pili.

5. Tafuta spea kabla ya kununua gari. Ulizia madukani Kariakoo au Kirinyaga Road. Spea zilizoadimika zinaweza kuliacha gari juu ya mawe miaka mingine kumi.

6. Kaa na fundi, kadirieni saa. Siyo "tutaona mbele ya safari." Saa ngapi za bodi, ngapi za injini, ngapi za umeme. Zidisha kwa malipo yake, ujumlishe na spea.

Ukiona jumla hiyo na bado unalitaka gari, litengeneze kwa moyo mmoja. Ukiona jumla hiyo ukapoteza hamu, umeokoa pesa nyingi kwa kutazama TV na kalamu mkononi.