MAKUMBI YA NAZI KATIKA UTENGENEZAJI WA MBAO ZA KUSHINDILIWA

Dari za nyumba kongwe za Mji Mkongwe wa Unguja zimebebwa na boriti za mikoko, na upana wa vyumba vyake, ambao kwa kawaida haupindukii sana mita 3, umetokana na urefu wa boriti hizo. Tangu zama hizo wajenzi wameongezeka, ilhali misitu haikuongezeka. Sheria ya Misitu Namba 10 ya mwaka 1996 inasimamia ukataji wa miti. Hata hivyo, sheria peke yake haimpatii fundi ubao. Hivyo ni vyema wananchi wakafahamu utafiti unaotafuta ubao pasipo kuangusha mti.

Mbao za viwandani, kama vile plaiwudi na zile za chembechembe za mti zilizoshindiliwa, hushikamanishwa kwa gundi. Gundi nyingi za aina hiyo zina formaldehaidi, ambayo hutoka kidogo kidogo ikiwa gesi, khasa penye joto na unyevunyevu. Mwaka 2004 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo ni chombo cha Shirika la Afya Duniani, liliiweka gesi hiyo miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binaadamu.

Ikumbukwe kwamba mti wenyewe umeumbwa na gundi yake, iitwayo lignini, inayoshikamanisha nyuzi zake. Mwaka 1924 William Mason wa Marekani aligundua njia ya kutengeneza ubao mgumu kwa nyuzi za mti, mvuke na mashine ya kushindilia, lignini ikifanya kazi ya gundi.

Kumbi la nazi lina lignini kwa wingi. Mwaka 2004 watafiti wa Wageningen, nchini Uholanzi, walichapisha matokeo yaliyoonesha kwamba kumbi zima, yaani usumba pamoja na unga wake, likikaushwa, likasagwa na kushindiliwa kwa joto la kiasi cha nyuzi 180 za Selsiasi, hutoa ubao mzito na madhubuti pasipo kutiwa gundi yoyote. Uimara wake ulilingana na ule wa mbao za viwandani zilizozoeleka, na katika baadhi ya vipimo uliushinda.

Pamoja na matumaini hayo, yapo mambo matatu ya kuzingatiwa. Kwanza, mashine za kushindilia ni ghali na joto lake linahitaji nishati nyingi. Pili, ubao wa nyuzi hufura unapoingia maji, jambo zito kwa nyumba za visiwani. Tatu, makumbi si taka kwa kila mtu: wapo akina mama wanaoyafukia pwani ili wasokote kamba, na zipo kaya zinayoyafanya kuni. Kiwanda kitakachoyakusanya bila ya kuwalipa wenyewe kitaokoa msitu kwa kuwanyima wanyonge riziki yao.

Kwa wakati huu, wananchi wanaonunua mbao za viwandani wanashauriwa kuulizia zile zenye kiwango kidogo cha formaldehaidi, kuziba kingo zilizokatwa kwa rangi au vanishi, na kuacha madirisha wazi, khasa katika vyumba vyenye samani mpya.