Mithun, steringi wa mashamba ya chai

Mama aliyekaa benchi la mbele alisimama ghafla, akanyoosha kidole kwenye kioo cha televisheni. "Jamani, hapo si Katumba hapo?" Steringi alikuwa ameruka juu ya gari, maadui wanne wanagaragara chini, lakini mama yule hakuwa na habari nao. Alikuwa anaangalia kule nyuma yao: matuta ya chai yaliyokatwa sawasawa yakishuka bondeni, ukungu umetanda juu yake. Banda zima likaanza kubishana. Mmoja akasema Katumba haina mteremko mkali vile, ile ni Mwakaleli. Mwendesha deki, ili ugomvi uishe, akasimamisha picha. Mistari myeupe ikawa inapanda na kushuka kwenye kioo, Mithun ananing'inia hewani mguu mmoja mbele, na ile chai imetulia pale pale.

Ilikuwa Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo, katikati ya miaka ya 1990. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua mahali penyewe panaitwa Ooty, mji wa milimani kusini mwa India, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, wenye baridi, mikaratusi na chai kila upande. Mama yule alikosea nchi tu.

Kwa waliozaliwa na simu mkononi, itabidi nieleze kidogo. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994, na hata baada ya hapo sisi wa milimani tuliendelea kusubiri. Kilichokuwepo ni kibanda umiza: chumba cha mbao, madirisha yamezibwa kwa magunia, televisheni moja imepandishwa juu ya meza, na mvua ya Rungwe inapiga bati mpaka husikii kitu. Kutosikia hakukuwa tatizo, maana hakuna aliyejua Kihindi. Tulikuwa na kijana wetu wa kutafsiri, fimbo mkononi, ambaye naye Kihindi hakukijua hata neno. Alikuwa anatunga. Mama wa steringi akikata roho, kijana alimpa maneno ya kwetu, akamuaga mwanawe kwa "ndaga", yaani asante, na nimeona wanaume wazima wakijifuta macho kwa kofia.

Baadaye zikaja kaseti kutoka Dar es Salaam zenye sauti ya Kapteni Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, mtu aliyeigeuza kazi ya kutafsiri picha kuwa fani kamili. Kijana wetu akakosa kazi. Mimi bado naamini picha zake zilikuwa nzuri zaidi.

Katika banda lile Amitabh Bachchan aliheshimiwa kama mzee wa ukoo. Aliyependwa ni Mithun Chakraborty. Na maisha yake, nilipokuja kuyasoma, niliona kijana wa fimbo asingeyatunga vizuri kuliko yalivyo.

Alizaliwa Kolkata mwaka 1950, akasomea kemia chuoni. Ujana wake uliangukia miaka ambayo vijana wengi wa Bengali walijiunga na Wanaxalite, waasi wa mrengo wa kushoto waliokuwa wakisakwa na polisi. Naye alikuwemo. Ndugu yake wa kiume alipokufa kwa ajali, alirudi kwao kuishika familia, akaachana na uasi. Kisha akaenda chuo cha filamu cha Pune.

Picha yake ya kwanza ni Mrigayaa, ya mwaka 1976, iliyoongozwa na Mrinal Sen. Anacheza Ghinua, mwindaji wa msituni enzi za Waingereza, hodari wa upinde, aliyezoeana na mzungu mtawala kwa sababu wote wawili wanapenda kuwinda. Mkopeshaji wa kijiji, mtu anayenyonya watu kwa riba, anamteka mke wa Ghinua. Ghinua anamuua, anakwenda kwa mzungu kwa furaha kumwambia leo ameleta windo kubwa kuliko yote. Ananyongwa. Kwa uigizaji ule Mithun alipewa tuzo ya taifa ya mwigizaji bora wa India, katika picha yake ya kwanza kabisa.

Sasa, kibanda umiza kilikuwa na katiba yake, na ibara ya kwanza ilisema: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni, atazikwa mzimamzima, lakini hafi. Mrigayaa ingeletwa Bagamoyo, naapa tungedai hela zetu mlangoni.

Tuzo ile haikumpa chakula. Mwenyewe amesimulia mara kadhaa kwamba Bombay alilala njaa na kulala kando ya barabara, na kwamba watu wa filamu walimwambia wazi rangi yake ni nyeusi mno kwa kazi ya ustaa. Akaamua kucheza dansi kiasi kwamba watu waitazame miguu yake wasahau ngozi. Kisa hiki hunichekesha na kuniumiza kwa pamoja. Kwetu Tukuyu Mithun alikuwa mtu mweupe. Hakuna aliyewahi kuligusa suala la rangi yake. Tulichoona ni maskini mwenzetu anayejua kupiga teke la kuzunguka.

Miguu ilimtoa. Mwaka 1982 ikatoka Disco Dancer, iliyoongozwa na Babbar Subhash, muziki wa Bappi Lahiri. Mtoto anayeimba mitaani apate chochote, mama yake anasingiziwa wizi na tajiri, wanahama mji kwa aibu, mtoto anakua na kuwa Jimmy, mfalme wa disko. Maadui wanaunganisha gitaa lake na umeme. Mama anaingilia kati na kufa yeye. Baada ya hapo Jimmy akiliona gitaa anatetemeka. Ukiandika hivi kwenye karatasi inaonekana upuuzi. Uliza Warusi: Umoja wa Kisovieti ulinunua tiketi zaidi ya milioni 60 za picha hiyo. Uliza na Tukuyu, ambako vijana waliokuwa na uwezo walishonesha suruali nyeupe kwa fundi na kuzivaa kwenye tope letu jekundu siku moja, ya kwanza na ya mwisho.

Lazima niseme mji wenyewe ulikuwa na kiburi wakati huo. Mwaka 1986 timu yetu ya mpira, Tukuyu Stars, au Banyambala, walikuwa wametwaa ubingwa wa Tanzania Bara msimu wao wa kwanza tu ligi kuu. Mtu wa chini anapanda, anawakung'uta wakubwa, anachukua kombe: hadithi ile hatukuhitaji kutafsiriwa.

Tuje Ooty. Mithun alikuwa mchapakazi wa ajabu. Mwaka 1989 peke yake zilitoka picha 19 ambazo yeye ni steringi, jambo lililoingia kwenye kitabu cha rekodi cha India. Mwaka 1990 alicheza muuza madafu katika Agneepath, ubavuni mwa Amitabh, akapata tuzo ya Filmfare kama mwigizaji msaidizi. Kisha akafanya jambo ambalo mastaa hawafanyi. Akahama Bombay, akaenda kuishi Ooty, alikokuwa na hoteli.

Hapo akaanzisha biashara ambayo mkulima yeyote wa chai angeielewa: kupunguza gharama mpaka faida ionekane. Mtayarishaji mwenye fedha kidogo alipanda mlima na kikosi chake. Wote wanalala hotelini kwa Mithun, wanakula hapo, asubuhi wanatoka na kamera hatua chache tu, na mandhari ni ya bure: milima, ziwa, barabara za kona, mashamba ya chai. Picha inakwisha haraka, inauzwa kwenye miji midogo ya India ambako tiketi ni rahisi, kila mtu anarudisha hela yake. Kwa miaka kadhaa zilitoka moja baada ya nyingine, nyingine hata jina hulikumbuki. Wahakiki wa Bombay walizicheka. Gunda ya mwaka 1998 mpaka leo wanaitaja kama mfano wa picha mbovu.

Sitazitetea kwa ubora. Nyingi zilikuwa mbovu kweli, hata sisi watoto tuliona adui mmoja akifa mara mbili. Ninachosema ni kwamba mtu yule yule, mwaka 1992, alikuwa ameigiza katika Tahader Katha ya Buddhadeb Dasgupta kama mpigania uhuru aliyetoka gerezani akiwa amevurugika akili, akapewa tuzo ya taifa ya pili. Baadaye akapata na ya tatu, kama mwigizaji msaidizi. Alijua tofauti. Alichagua kuwapigia kazi watu wa miji midogo, na sisi tulikuwa mji mdogo wa mbali kuliko yote aliyoifikiria.

Siasa zake nazipitia haraka kwa sababu hazinivutii: mbunge wa baraza la juu kupitia chama cha Trinamool mwaka 2014, akajiuzulu mwaka 2016, akajiunga na BJP mwaka 2021. Kuhama chama hata kwetu kupo.

Tarehe 8 Oktoba 2024, mkono mmoja ukiwa kwenye bandeji, alisimama New Delhi kupokea tuzo ya Dadasaheb Phalke, ambayo ndiyo heshima ya juu kabisa ya filamu nchini India. Aliyemkabidhi ni Rais Droupadi Murmu, mwanamke wa jamii ya Wasanthal, wenyeji wa asili wa misitu ya mashariki mwa India. Nikamkumbuka Ghinua na windo lake. Jukwaani alirudia tena habari ya rangi na miguu.

Kibanda chetu hakipo. Kaseti zipo, najua zipo, kwenye makabati na chini ya vitanda kuanzia Bulyaga mpaka Makandana, na nyingine zina sauti za Kiswahili ambazo hazipatikani popote duniani. Unyevu wetu hauzionei huruma: ukungu mweupe huota kwenye utepe wenyewe, na ukiiweka kaseti ya namna hiyo kwenye deki inaharibika pamoja na deki. Kama unayo, itoe leo, iweke mahali pakavu mbali na ukuta, uisimamishe wima kama kitabu, na umtafute fundi wa kuihamishia kwenye kompyuta. Na ukikuta moja ina kijana anayetafsiri Kihindi asichokijua, mvua ikipiga bati nyuma yake, tafadhali niandikie kupitia gazeti hili.