Mitandao ya Kijamii na Sonona: Chanzo au Dalili?

Wagonjwa wengi wenye sonona hukesha na simu mkononi. Je, simu ndiyo iliyowaletea sonona, au sonona ndiyo iliyowapeleka kwenye simu? Swali ni gumu, kwa sababu mtu aliyepoteza usingizi na hamu ya kukutana na wenzake hukimbilia palipo rahisi kufikika bila kutoka kitandani.

Wachumi watatu walipata njia ya kulijibu. Facebook ilianzia Chuo Kikuu cha Harvard Februari 2004, kisha ikafunguliwa chuo baada ya chuo nchini Marekani. Hivyo iliwezekana kulinganisha wanafunzi wa vyuo vilivyokwisha kuipata na wale waliokuwa wakiingoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha kwamba afya ya akili ilizorota baada ya mtandao kufika, hasa kwa dalili za sonona, na sababu iliyoelekea kuwa na uzito zaidi ni kujilinganisha na wengine. (Picha ya harusi haionyeshi madeni ya maharusi.)

Katika utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2018, watu walilipwa ili waifunge Facebook kwa wiki nne. Walipata nafuu, lakini ndogo. Kwa hiyo si haki kumwambia mgonjwa kwamba akiifuta programu atapona. Sonona kali huhitaji matibabu.

Watu hukadiria vibaya saa wanazotumia mtandaoni. Kwa maoni yangu, ni afadhali mhudumu aulize simu hulala wapi. Ikilala chini ya mto, milio hukatiza usingizi, mwanga wake hupunguza melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala, na ugomvi uliosomwa usiku wa manane huiacha akili macho. Kukosa usingizi huzidisha sonona. Mgonjwa aiache simu sebuleni. Kama huitegemea kumwamsha, saa ya mezani yatosha.

Kisha aulizwe kwa upole, akiwa faraghani, kama ametukanwa au kutishwa mtandaoni, kama picha zake za siri zimesambazwa, na kama hutazama maudhui ya kujidhuru. Akikiri lolote kati ya hayo, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Anayejibu ndiyo asiachwe peke yake, na apelekwe siku hiyohiyo kwenye hospitali yenye huduma za afya ya akili.